Tangazo la Katobe Sikulisoma

Vijana wa kitengo cha habari mmeniomba niwaandikie "mafanikio yangu kazini", mkayaweke kwenye jarida la idara pamoja na ile picha yangu napokea saa ya ukutani. Mafanikio waandike wengine. Vyeo nimepewa na nimenyang'anywa, na vyote viwili havikunibadilisha namna ninavyopika maharage. Mimi nitawaandikia kazi yenyewe: kupeleka habari za shule kwa wazazi. Shule zinafunguliwa lini, nani kachaguliwa kwenda wapi, mkutano uko siku gani. Na nitawaambia kwa nini mwaka wangu wa mwisho niliumalizia stoo ya madawati, maana najua mnanong'ona, na mnanong'ona vibaya. Halmashauri yenyewe sitaitaja. Katobe na watu wake nimewabadilisha majina. Wakisoma watajijua wenyewe.

Nilianza kama mwalimu wa darasa la pili. Idara waliponichukua hawakunichukulia akili, walinichukulia sauti. Mwalimu mkuu wangu alikuwa analalamika kwamba nikifundisha mimi, madarasa mengine yote yanajifunza la pili. Basi wakasema, mpelekeni kwenye matangazo huko, akapige kelele panapostahili. Sikujua kama ni sifa au wananifukuza. Nikaenda.

Huko nikamkuta Mzee Bilali, dereva wa idara, mtu wa Ujiji kama mimi, mfupi, mkali, kofia haimtoki kichwani. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa matangazo, cheo chake kiandikwe vyovyote. Spika yake ya honi aliifunga juu ya gari kwa mpira wa tairi, waya ukaingia dirishani mpaka kwenye betri, na maiki aliifunika kwa kipande cha soksi ili upepo wa ziwani usiingie. Siku yangu ya kwanza tulisimama karibu na soko la Ujiji. Nikashika maiki, nikasafisha koo, nikaanza: "Wananchi mnatangaziwa kwamba, kwa mujibu wa maelekezo yaliyotolewa na mamlaka husika, na kwa kuzingatia kalenda ya mihula..." Mzee Bilali akachomoa waya.

"Mama, umetangaza nini?"

"Shule zinafunguliwa, Mzee."

"Mbona hujasema?"

Akanionyesha mama mmoja aliyekuwa anachagua nyanya. "Yule anataka kujua shule ipi, lini, na mtoto aje na nini. Ukimpa hayo, nyanya zake hazijaoza. Hayo mengine ni mapambo ya ofisi, kawapambie wenyewe." Akarudisha waya, nikasema upya, na yule mama akageuka kunitazama. Hiyo ndiyo semina niliyopata. Nyingine zote nilizohudhuria baadaye zilikuwa na chai na sambusa, na sikumbuki hata moja.

Alinifundisha mengi kwa namna hiyo, kwa kuchomoa waya. Usitangaze muadhini akianza. Usitangaze mwaloni, wanakoshusha samaki, mtumbwi wa migebuka ukitia nanga, maana hapo hata ukitangaza kiyama watakwambia subiri kwanza tumalize mnada. Usitangaze gari likitembea. Hili la mwisho maofisa hawalielewi mpaka leo. Gari likitembea, nyumba ya kwanza inasikia "shule zote", ya pili inasikia "zitafungwa", ya tatu inasikia "Jumatatu", na hapo umetoa matangazo matatu ya uongo kwa mafuta ya serikali. Kule Kalinzi, milimani, Mzee alinifundisha kuongea polepole, neno kisha pumzi, kwa sababu mlima wa ng'ambo unayarudia maneno yako yakagongana na mapya. Na msimu wa kahawa usiwatafute watu majumbani. Nilikuwa napanda bodaboda na spika mapajani, naenda kuwafuata mashambani, natangaza katikati ya mibuni huku akina mama wananitupia maswali bila kuacha kuchuma.

Kitu kimoja alikuwa anakirudia mpaka nikakichoka. "Mwajuma, watu hawamjui Afisa Elimu. Hawajawahi kumwona. Wanaijua sauti yako. Tangazo likiwa la uongo, mwongo ni wewe." Nilikuwa namjibu nimesikia, Mzee, nimesikia, tuondoke jua linaniunguza.

Nilikuja kuyasikia kweli kwenye kitongoji kimoja ndani ya Mwandiga, ziliko familia zilizotoka Burundi zamani zikatulia, zikalima, zikazaa. Tulikwenda kutangaza uandikishaji wa darasa la kwanza. Nikapaza Kiswahili changu safi cha Ujiji: leteni watoto wote, waje wakaandikwe majina. Milango ikaanza kufungwa, mmoja baada ya mwingine. Mtaa mzima ukabaki na mbuzi. Kesho yake hakuandikishwa mtoto hata mmoja. Ofisini wakasema watu wale hawana mwamko. Neno hilo "mwamko" mlichunge sana, vijana. Mara nyingi anayelitumia ndiye aliyelala. Nilirudi peke yangu, kwa miguu, bila spika. Nikawakuta akina mama wanapukuchua maharage, nikakaa, nikapukuchua. Mama mmoja akaniambia bila kuniangalia, "Mwalimu, sisi tukisikia honi inataka majina ya watoto, tunafunga virago. Tumeshafungishwa virago na honi kama hiyo."

"Hii ni shule tu, mama."

"Ni shule tu?"

"Wallahi ni shule tu."

"Ego," akasema, ndiyo kwa lugha yao. "Basi ungesema hivyo." Watoto wakaja. Tangu hapo sikuingia kitongoji kile na honi, na aliyenihoji ofisini kuhusu "matumizi hafifu ya kifaa" nilimkaribisha akapukuchue maharage.

Mzee Bilali alistaafu, kisha akafariki, Mungu amrehemu. Spika ikabaki kwangu. Yakaja na haya makundi yenu ya simu, mkaniona mimi mtu wa kale. Sikatai, makundi ni mazuri. Tatizo mzazi ana simu, simu haina chaji. Ina chaji, haina bando. Ina bando, mzazi yuko nyuma ya mlima mtandao hauoni. Na akiupata, tangazo la mkutano limezikwa chini ya picha za keki za watu. Natania, lakini kidogo tu.

Sasa tufike Katobe. Kwanza niwaeleze mwezi, maana wengine mmetoka Dodoma na Iringa huko, mnadhani mwezi ni wa mapambo.

Kwenye mialo yetu, dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa inawavuta dagaa pale tu ambapo mwezi haupo. Siku hizo zinaitwa giza. Giza likiingia, wanaume wanahamia kwenye kambi za uvuvi wanakowafuata dagaa, na akina mama wengi wanawafuata kwenda kuanika. Kijijini wanabaki mabibi, wagonjwa na watoto. Mwezi ukikua, ndiyo mbalamwezi, taa haina kazi. Watu wanarudi nyumbani, nyavu zinashonwa, harusi zinafungwa, ugomvi unasuluhishwa. Kwa hiyo mkutano wa wazazi mwambao wote huitishwa mbalamwezi. Hakuna mwalimu mkuu asiyejua hilo. Ukiuitisha kwenye giza utawahutubia kuku.

Afisa Elimu tuliyekuwa naye wakati huo nitamwita Bwana Afisa. Mnyonge mnyongeni haki yake mpeni: alikuwa mchapakazi, alituletea madawati, na kila asubuhi aliniamkia Shikamoo kwa adabu ya mtoto aliyelelewa. Ila alikuwa na ugonjwa wa kukamilisha. Kwake jambo likikamilika limekuwa zuri. Ikaja mipango ya kuhamisha darasa la tano, la sita na la saba kutoka Katobe, mwaloni, wapelekwe shule ya juu kule barabarani. Sababu, walimu hawakai Katobe. Ni kweli, walikuwa hawakai, hawana nyumba. Lakini njia ya kwenda juu inapanda ukingo wa mlima na kuvuka kijito ambacho masika hata ng'ombe wanakikataa. Kila mtu alijua nani angebaki chini. Wasichana.

Mama Odeta ndiye aliyelijua kuliko wote. Alikuwa mjumbe wa kamati ya shule, mwanika dagaa, mama wa mikono mikubwa na maneno machache. Binti yake mkubwa, Odeta, alisoma Katobe ilipokuwa inaishia la nne, kabla wazazi hawajabeba mawe na mchanga kujenga madarasa ya juu. Alipopasi akatakiwa kupanda mlima. Alipanda mpaka mvua za kwanza, akaacha. Sasa anaanika dagaa pembeni ya mama yake, mtoto mgongoni. Mdogo wake, Jenifa, alikuwa darasa la nne. Shule ikihamishwa, mwakani zamu ni yake.

Bwana Afisa akapanga tarehe ya mkutano wa wazazi. Nikaangalia, nikaenda ofisini kwake.

"Bwana Afisa, siku hiyo ni giza. Katobe hakuna mtu."

Akacheka. "Mwalimu Mwajuma, serikali haiendeshwi kwa mwezi."

"Katobe inaendeshwa."

"Tarehe imeshapita juu. Tutafanya hivyo hivyo."

Mtaniuliza kama alifanya makusudi. Alipopanga tarehe, lilikuwa kosa la mtu mgeni, na kosa halina dhambi. Nilipomwambia akaishikilia, hapo tena msiniulize mimi. Mkutano ukafanyika. Walikuja mabibi wachache na mwenyekiti wa kijiji. Wakaambiwa wanaoafiki wanyooshe mikono, na bibi mmoja, nilisikia baadaye, alinyoosha akidhani wanagawiwa vyandarua.

Kesho yake likaletwa mezani kwangu tangazo la kusoma mwambao mzima: "Wazazi wa Katobe kwa kauli moja wameridhia..." Sikulimaliza. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikalichukua nikaenda nalo.

"Hili silisomi."

"Mwalimu, unakataa kazi?"

"Kutangaza ndiyo kazi yangu. Nipe la kweli nitangaze hata sasa hivi. Wazazi wa Katobe hawajaridhia chochote, wako ziwani."

"Wewe ni mdomo tu wa idara," akasema. Na alisema kwa upole, ndiyo iliniuma zaidi. "Mdomo haubishani na kichwa."

"Basi kichwa kiende kikatangaze chenyewe."

Akanihamishia stoo ya madawati, akanitaka nikabidhi spika. Nikaikabidhi, na soksi yake. Sikulia mbele yake; nililia nyumbani Kasingirima, nikiwa nakwaruza magamba ya samaki, na nikajiambia ni samaki. Akampa dereva asome. Dereva ghafla akapatwa na mafua, sauti haitoki. Akampa karani wa takwimu, naye koo. Idara nzima iliugua wiki ile, na hakuna aliyekwenda zahanati. Bwana Afisa akaamua tangazo lipite kwenye makundi ya simu. Katobe mtandao haufiki. Kwa hiyo tangazo likawa limetoka na halijafika.

Mwezi ulipoanza kukua nikaomba ruhusa ya siku moja, nikapanda mtumbwi wa abiria mpaka Katobe. Nilimkuta Mama Odeta anakunja mikeka ya kuanikia. Nikamweleza yote. Alikunja mkeka mpaka mwisho ndipo akaniuliza.

"Wanasema tumekubali?"

"Wanasema."

"Nani alikubali?"

"Bibi wa vyandarua."

Hakucheka. "Jenifa hapandi mlima ule," akasema. "Nimeshapandisha mmoja, sikurudishiwa. Kamati ya shule ni sisi. Mkutano tunaitisha wenyewe, na huyo bwana wako aje." Nikamwambia si bwana wangu. Akasema aje tu.

Akaja, mnajua kwa nini? Kwa sababu hakuwa mtu wa kukimbia. Akaniamuru nipande gari moja naye, "uje uone ulichokifanya". Mvua ilikuwa imenyesha, gari likagoma juu, tukashuka kwa miguu, njia ile ile ya watoto. Kwenye kijito akavua viatu, akakunja suruali, maji yakampiga mapaja. Mimi nilikuwa nyuma yake na kanga zangu nimezikaza, sikusema neno. Kuna nyakati mtangazaji mzuri ananyamaza.

Darasa lilikuwa limejaa mpaka madirishani. Wanaume ambao sijawahi kuwaona mchana walikuwa wamesimama nje, mabega kwa mabega. Bwana Afisa akaeleza habari ya walimu, ikama, uwiano, ubora wa elimu. Wakamsikiliza kwa heshima. Akamaliza. Mama Odeta akasimama.

"Karibu Katobe, kiongozi. Pole na njia."

"Ahsante, mama."

"Suruali imelowa."

Watu wakacheka, na yeye, haki yake mpeni, akacheka pia. Mama Odeta akasubiri wamalize. "Na haya si masika. Odeta, simama." Odeta akasimama, mtoto mgongoni, macho chini. "Huyu alikuwa anaongoza darasa hapa hapa. Alipanda njia uliyoshuka. Mvua zilimrudisha, nikasema atarudi ikikauka. Ilipokauka alikuwa ameshazoea dagaa, na dagaa walikuwa wamemzoea. Huyu aliyekaa mbele ni mdogo wake. Kiongozi, niulize mimi, usimuulize bibi yangu. Niulize kama nimeridhia."

Bwana Afisa akawageukia watu wa madirishani. Kisha akauliza, sauti ya chini, "Wazazi, mmeridhia?"

"Oya!" Hapana hiyo ilitoka ndani na nje kwa pamoja, bati likalia. Mimi nimefanya kazi na spika maisha yangu yote, sijawahi kusikia sauti kama ile, na nywele zilinisimama chini ya ushungi.

"Na walimu je?" akauliza. "Nawaletea, hawakai. Nifanyeje?"

Kutoka dirishani mvuvi mmoja akajibu kwamba nyumba ya mwalimu ilisimama kuta, imekosa paa, na mbalamwezi hii wanaume wote wapo. Paa litapanda kabla ya giza. Wenzake wakasema litapanda. Bwana Afisa akawatazama wale watu, akatazama dari, akafuta uso kwa leso. "Basi," akasema. "Madarasa yanabaki." Vigelegele vilivyopigwa hapo sitavieleza. Jenifa hakupiga kigelegele, alikuwa amemshika dada yake kiganja.

Tukatoka kwenda ufukweni kunawa miguu. Nilikuwa na furaha ya kumsamehe kila mtu. Hapo ndipo Bwana Afisa aliponisogelea, viatu mkononi.

"Mwalimu, hili tusilitangaze kwanza. Niende nikashauriane na wenzangu. Tutatoa taarifa rasmi."

Vijana, maneno hayo nimeyasikia kazini tangu nina meno yote. Nimeona vyoo, visima na walimu wa hisabati wakizikwa ndani ya "taarifa rasmi". Nilimtazama usoni, nikaona kwamba hakusema kwa ubaya. Alishaanza kuwaogopa wenzake kabla hajapanda mlima. Kesho wangemuuliza nani kakuruhusu, na Katobe ingehamishwa Jumatatu.

Spika sikuwa nayo. Nikavua kandambili, nikapanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikashika kiuno.

"Wewe Mwalimu, shuka," akasema.

"Katobe!" nikaita. Ufukwe mzima ukageuka. "Shule yenu haihamishwi! La tano, la sita, la saba, wanasoma hapa hapa! Kesho asubuhi kila mtoto na daftari lake! Kasema Afisa Elimu mwenyewe, huyu hapa, mtazameni!"

Wakamtazama. Akapunga mkono, afanyeje.

Mwambao ule habari ya msiba au ya mtumbwi uliochelewa haisubiri gari. Aliyesikia anamwitia wa mbele yake. Mama aliyekuwa anasugua sufuria kwenye mawe akasimama, akaweka viganja mdomoni, akamwitia wa ng'ambo ya miamba: haihamishwi, kasema Afisa mwenyewe. Wa ng'ambo akawaitia washona nyavu. Washona nyavu wakaitia mwalo wa pili, na nikasikia jina la cheo chake likizidi kwenda mbali, kila mdomo ukilisema kwa nguvu zaidi.

Bwana Afisa alisimama na viatu vyake, anasikiliza. Mwisho akaniuliza, taratibu kabisa, "Mwalimu Mwajuma, sasa hilo linarudishwaje?"

Nikashuka mtumbwini, nikavaa kandambili zangu.

"Limeelekea kaskazini, baba," nikamwambia. "Lifuate."